Muulize Senga wa Uzi: DNA Yangu Imepinda Kushoto, Nifumue?

Banange, jamani, ni mimi Senga, shangazi yenu wa kufuma; toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba napenda nguo za kufuma zenye mambo ya sayansi, kumbe nimechokoza nyuki. Barua na meseji zimeingia kutoka Kabale mpaka Bombo. Nimechukua chache, nyingine subirini, na wale mnaoniuliza bei ya uzi Kikuubo, ule mtaa wa maduka Kampala, tafadhali nendeni Kikuubo.

*Senga, shikamoo. Mi nasoma mambo ya maabara hapa Kampala, mwaka wa mwisho. Nimefuma sweta ya vifungo, mbele kila upande nimeweka msuko mmoja wa DNA, ile ya urithi iliyo kama kamba mbili zinazozungukana, kijani juu ya nyeupe, imenichukua miezi mitatu nafuma kwenye taksi na usiku umeme ukiwepo. Nikajipiga selfi nikaweka kwenye grupu ya familia. Mjomba wangu anafundisha bayolojia, akajibu mbele ya watu wote ati huo msuko wa upande wenye mfuko wa kalamu umepinda kushoto, DNA yetu inapinda kulia, ati nimevaa uongo kifuani. Nimelia. Nifumue huo upande? Gradueshoni ni wiki tatu zijazo. (Sweta ya Kijani, Wandegeya)*

Marahaba mwanangu. Weka hiyo sindano chini kwanza, usifumue kitu, kunywa chai.

Nimeikuza picha uliyonitumia. Nyuma yako kuna kalenda ya ukutani, sawa? Zile tarehe zinasomeka kinyumenyume, 2 imegeuza mgongo na 7 inaangalia upande ambao si wake. Yaani simu yako imehifadhi selfi kama kioo. Na kwenye picha, kioo ndicho kinachogeuza DNA ya kulia ikawa ya kushoto, kwa hiyo huo upande wa mfuko ambao mjomba ameulaani uko sawasawa kabisa.

Sasa pole, maana habari haijaisha. Ukiigeuza hiyo picha irudi kawaida, ule msuko mwingine, ambao mjomba aliuona mzuri, ndio uliopinda kushoto! Mjomba kosa kaliona, lakini kanyooshea kidole upande usio wake. Ungefumua alipokuambia ukaugeuza, leo ungekuwa na sweta yenye makosa mawili badala ya moja, na chozi juu.

Acha nieleze ili usimtegemee mjomba wala mimi. Laza sweta kitandani, uangalie kitambaa chenyewe si picha. Kwenye msuko kuna kamba mbili zinazopishana. Pale zinapopishana tazama ile iliyo juu ya mwenzake, ifuate kutoka chini kwenda juu. Ikipanda kuelekea kulia, kama ule mstari wa katikati wa herufi Z, huo ni msuko wa kulia, ndio DNA ya kawaida na ndio skrubu ya kawaida ya fundi pia. Ikipanda kuelekea kushoto kama tumbo la S, ni wa kushoto. Halafu geuza sweta kichwa chini miguu juu uangalie tena, utaona Z imebaki Z. Kupindua hakubadilishi kitu, hata ukilivaa ukiwa umening'inia kwenye mwembe DNA yako ni ya kulia tu.

Umekosea wapi basi? Mi nadhani ulifuata pateni ya sweta za kawaida, zile zinakuambia upande wa pili ufume kinyume cha wa kwanza ili mbele pafanane kama mabawa ya kipepeo. Kwa misuko ya urembo ni sawa kabisa, hata mi nafanya. Kwa DNA hapana. Pande zote mbili zinapinda njia moja, macho yakizoea utaona ni nzuri vilevile. Kwa mkono ni hivi: vile vitanzi unavyoviegesha kwenye sindano ya tatu, sindano ukiiweka NYUMA ya kazi msuko unaelekea kulia, ukiiweka mbele unaelekea kushoto. Nyuma, nyuma, nyuma, kila safari, bila kubadilisha. Nakusisitizia kwa sababu skafu yangu ya kwanza ya DNA nilikuwa nabadilisha, mara nyuma mara mbele, niliona inapendeza, mpaka kijana mmoja aliyekuja kununua akaigeuzageuza akaniuliza, "Senga, hii ni DNA au ni mto Nile?" Ukibadilishabadilisha, kamba hazizungukani, zinayumba tu kama maji. Sikuiuza. Ninayo mpaka leo, nafungia kichwa nikiosha vyombo.

Kutengeneza huo upande wa pili si lazima ufumue sweta zima. Dondosha vile vitanzi vya msuko peke yake, viteremke kama ngazi mpaka chini kwenye mpishano wa kwanza, halafu uvipandishe tena kwa kulabu au sindano mbili fupi, kila penye mpishano unageuza. Kazi ya jioni tatu nne. Uzi utakaa umekunjakunja kidogo, ukifua unatulia.

Na kama huna nguvu, kuna ujanja. Mwaka 1979 watafiti wa kundi la Alexander Rich huko chuo cha MIT, Marekani, walionyesha umbo la DNA iliyopinda kushoto kweli, wakaiita Z-DNA kwa sababu uti wake unakwenda zigizaga. (Usiichanganye na ile Z yangu ya pale juu, hii ya kwao inapinda kushoto, sayansi nayo ina mizaha.) Kwa hiyo mjomba akirudia kwenye grupu mwambie, mjomba, upande mmoja ni DNA ya kila siku na upande wa pili ni Z-DNA, nilidhani umeiona. Halafu zima data.

Kitu cha mwisho. Naona umeacha katikati ya kamba patupu. Ukitaka kuweka zile ngazi zinazounganisha kamba mbili, tumia shanga ndogo za kioo za rangi nne, usitumie zile za karatasi wanazouza kwa watalii, zikipata maji mengi basi. Kila ngazi shanga mbili, na rangi nne ni zile herufi nne za DNA: A anakaa na T, C anakaa na G, hakuna ndoa nyingine. A na G ni wakubwa, T na C wadogo, kila mkubwa anaoa mdogo ndio maana ngazi zote zina urefu mmoja na kamba hazitoki tumbo. Mzunguko mmoja mzima una ngazi kama 10 na nusu hivi, wewe weka 10 nani atahesabu. Na ukipata muda fuma hata ile X, namaanisha ile picha ya eksirei ya mwaka 1952 kutoka King's College London, ya Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling, madoa meusi yamepangika kama herufi X, ambayo ndiyo ilisaidia wanasayansi Watson na Crick 1953 kusema ni kamba mbili zinazozungukana. X nyeusi kwenye kijivu, inafumika kirahisi kuliko hata maua ya vitambaa vya kochi. Na X kwenye kioo ni X, mjomba hatapata pa kushika.

*Mpendwa Senga, hongera kwa kazi. Mi ni mwalimu wa msingi huku Kabale, baridi unaijua. Nataka kufuma sweta lenye jua na sayari zote tisa, saizi zake zilingane kweli, ili nifundishie. Tatizo duara nachora vizuri kwenye daftari la grafu, nikifuma linatoka kama andazi lililokaliwa. Nisaidie. (Mwalimu wa Kabale)*

Mwalimu, kwanza hesabu yako irudi nane. Pluto alitolewa kwenye orodha 2006, watoto wakikuona na tisa watakuzomea.

Andazi ni kwa sababu daftari la grafu linakudanganya, vyumba vyake ni mraba lakini kitanzi si mraba. Fuma kipande cha majaribio halafu pima kwa rula. Kwa uzi wa sweta wa kawaida na sindano za milimita 4, mikononi mwangu sentimita 10 kwenda pembeni ni vitanzi 22, na sentimita 10 kwenda juu ni mistari 30. Maana yake kitanzi ni kipana kuliko kilivyo kirefu. Duara la vyumba 22 kwa 22 linatoka upana sentimita 10 na kimo 7 na kitu, ndio andazi lako hilo. Dawa: chukua idadi ya vitanzi zidisha kwa 30 gawa kwa 22. Vitanzi 11 pembeni vinataka mistari 15 kwenda juu. Pima zako lakini, usichukue za kwangu, mkono wa kila mtu unakaza vyake.

Sasa utamu uko kwenye saizi, hapa nilikaa na kalamu usiku mzima. Sweta la mtu mzima upana wa mbele ni kama sentimita 50, yaani vitanzi 110. Jua kwa upana ni kama Dunia 109 zimepangwa mstari. Umeona? Ukiamua Dunia iwe KITANZI KIMOJA, jua linajaza kifua chote kutoka mshono wa ubavu huu mpaka ubavu ule, na kwenda juu mistari 150, shingo imeshafikiwa! Jupita vitanzi 11, Zohali 9 bila pete zake, Uranus na Neptune 4 kila mmoja, Zuhura 1, Mihiri nusu kitanzi na Utaridi hata nusu hafikishi. Utafumaje nusu kitanzi, sijui, choma sindano ya rangi nyekundu upite.

Umbali ndio usijaribu kuufuma kabisa. Kwa kipimo hicho hicho Dunia inakaa mita kama 54 kutoka kwenye hilo jua la kifuani. Afadhali simama mlangoni mwa darasa umevaa jua lako, mtume mtoto mmoja na kitanzi cha buluu kwenye kibiriti, ahesabu hatua mpaka mita 54 kule karibu na vyoo, asimame. Akinyoosha mkono hapo, mwezi uko kwenye kiganja chake, vitanzi 30 kutoka Duniani, sentimita 13 na nusu tu, na wenyewe ni robo ya kitanzi. Wale waliokwenda Pakwach tarehe 3 Novemba 2013 kuona jua linapatwa, ndicho walichokiona: robo ya kitanzi inafunika sweta zima, kwa sababu iko karibu na jicho.

Kama bado unataka sayari zote zionekane kwenye sweta moja, liache jua. Dunia ipe vitanzi 3. Jupita 33, Zohali 27, Uranus 12, Neptune 12, Zuhura 3, Mihiri 2, Utaridi 1. Jumla 93, zinaenea kwenye mstari mmoja wa 110 na nafasi ndogo katikati. Jupita asifumwe na uzi mweupe ukiburuzwa nyuma kifua kizima, mkono utanasa ukivaa na vidole vya watoto vitavuta, kila sayari mpe kidonge chake cha uzi na mwishoni mwa rangi pinda nyuzi mbili zishikane ili pasibaki tundu. Jua likiulizwa waambie linahitaji sweta tatu.

*Senga assalam alaykum. Namfumia mzee wangu kofia kwa kulabu, ya Idi. Juu inaanza vizuri, ikifika ukubwa wa sahani ya chai inaanza kuruka mawimbi pembeni kama jani la saladi. Uzi ni mzuri wa pamba. Naongeza kwa macho tu kama mama alivyonifundisha. (Mama wa Bombo)*

Waalaykum salaam mama. Macho yako yanaongeza kupita kiasi. Ukiona mawimbi ujue mishono imezidi nafasi, haina pa kulala inasimama. Ukiona inajikunja kama bakuli kabla ya wakati, imepungua.

Kanuni ni hii. Kila raundi duara linakua kwa kimo cha mshono mmoja kutoka katikati, na mzunguko wake unakua kwa kimo hicho mara 6 na kidogo, ile pai ya shuleni 3.14 mara mbili. Mshono mfupi kimo chake karibu sawa na upana, kwa hiyo kila raundi unaongeza 6: raundi ya kwanza 6, kisha 12, 18, 24. Mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi kwenye kulabu kwanza kabla hujachoma, kimo chake kama mara mbili, basi unaongeza 12: 12, 24, 36, 48. Mi nadhani wewe unachoma miwili kwenye kila mshono kila raundi, 12, 24, 48, 96, hapo lazima iruke. Mama alikufundisha raundi mbili za mwanzo ukaendelea nazo mpaka leo.

Kichwa cha mzee kikiwa sentimita 56, gawa kwa 3.14, unapata karibu 18. Fuma bapa mpaka sentimita 18 kutoka ukingo hadi ukingo, halafu acha kuongeza kabisa, zunguka tu, pembeni patashuka penyewe pamesimama wima. Mzee atapendeza Idi.

Lakini hiyo iliyoharibika usiitupe mama. Hilo jani la saladi wanahisabati wamelihangaikia karne na zaidi. Kuna jometri ambayo nukta moja inapitiwa na mistari mingi isiyokutana na mstari mwingine, wanaiita ya haipaboli, walikuwa wanaitengeneza kwa karatasi inachanika. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa kutoka Latvia aliyekuwa chuo cha Cornell Marekani, akachukua kulabu na uzi akafuma, ikasimama, unaweza kuikunja na kuishika. Siri yake ndiyo kosa lako, ila yeye anahesabu: kila mishono 5 anaongeza 1, raundi zote, bila kuchoka. Kutoka hapo ndugu wawili wa kike, Margaret na Christine Wertheim, walianza 2005 kufuma matumbawe ya bahari kwa njia hiyo hiyo. Sisi bahari hatuna lakini skafu ya mawimbi yenye hesabu sawa ya kila mishono 5 inatoka nzuri sana kwenye gomesi, lile vazi la heshima la akina mama wetu, mi nimeiona kwenye kwanjula moja, sherehe ya kutambulisha mchumba, watu wakamwacha bibi harusi wakaiangalia skafu ya shangazi.

Na ukichoka kuhesabu kumbuka wale wanahisabati wawili waliokuwa chuo cha Bristol Uingereza, Hinke Osinga na Bernd Krauskopf, 2004 walitoa umbo moja la hesabu za machafuko ambalo Hinke alilifuma kwa kulabu, mishono 25,511. Kofia ya mzee haifiki huko.

*Niliona watu wa Ulaya wanafuma skafu ya halijoto, kila siku mstari mmoja, rangi inafuata joto la siku. Nimeanza Januari hapa Kampala, mpaka sasa Mei yote ni rangi ya chungwa. Nimekosea nini? (Chungwa Tupu, Ntinda)*

Hujakosea, umekaa kwenye ikweta. Mchana wetu unacheza hapo hapo 27, 28, 29 mwaka mzima, utafika Desemba na chungwa lako. Wale wana theluji na jua kali kwenye mwaka mmoja, skafu yao ina hadithi. Usihamie kwenye saa za jua kuchomoza pia, maana hapa tofauti kati ya Februari na Novemba ni kama nusu saa tu.

Fuma MVUA. Hiyo ndiyo tunayo, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba, na katikati vumbi. Tafuta kopo lenye kitako na mdomo upana mmoja, lisiwe limebanwa juu, liweke uwanjani mbali na paa na mti, kuku wasilifikie. Kila asubuhi saa moja chovya rula ya shule, sifuri ya rula iguse kitako (zile zenye pengo mwanzoni likate), andika milimita, mwaga. Maji ya milimita 12 kwenye kopo ni mvua ya milimita 12, haijalishi kopo ni kubwa au dogo. Rangi tano zinatosha: kavu, manyunyu chini ya 2, kisha mpaka 10, mpaka 30, na ile ya kuziba mitaro na kulaza watu njiani kuanzia 30 kwenda juu. Hiyo ya mwisho ipe rangi unayoipenda kuliko zote. Siku 365 kwa mistari 30 kila sentimita 10 ni mita moja na sentimita 22, skafu kamili bila kupunguza. Hiyo ya chungwa ifunge ulipofikia, mpe mtoto.

*Habari Senga. Mwenzetu wa maabara anastaafu, tupo Entebbe, tunataka kumfumia kofia ya kirusi cha Zika. Wengine wanasema ni mkosi. Na umbo lake tulifumeje? (Wafanyakazi Wanne)*

Mkosi wa nini? Kimepewa jina la msitu wa kwetu hapo hapo Entebbe, kilipatikana 1947 kwenye damu ya kima wa utafiti aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti, watu walikuwa wanatafuta homa ya manjano. Kwa mstaafu wa maabara hiyo ni heshima. Ila msimfumie mtu mwenye mimba, hilo hata mi nakataa, mnajua kirusi hicho kilifanya nini kwa vichwa vya watoto.

Umbo: ganda la virusi vya namna hiyo limepangika kwa pande ishirini, na pembe zake kumi na mbili ndizo roho ya kazi. Njia rahisi ni ya mpira wa miguu wa zamani, ule wa vipande vyeusi na vyeupe. Vipembetano 12, vipembesita 20, hapo mpira unafunga. Kofia ni nusu: fumeni vipembetano 6 na vipembesita 10, kila ubavu urefu mmoja, sentimita 3 na nusu hivi kwa kichwa cha mtu mzima, halafu mgawane kushona. Anzeni na kipembetano kimoja utosini, vipembesita vitano vinamzunguka, kisha zamu kwa zamu mpaka mwisho. Ukingo utatoka meno meno, zungusheni raundi nne za mishono mifupi utanyooka. Msiweke vipembesita peke yake mkidhani mtabana mbele ya safari, vipembesita vitupu vinalala kama sakafu milele, kinachopinda kitambaa ni kile kipembetano.

Kirusi chenyewe ni nanomita 50 hivi, kofia ikiwa sentimita 20 mmekikuza mara milioni 4. Andikeni hiyo kwenye kadi. Wanne mkigawana ni vipande vinne kila mtu, msigombane.

*Senga nimefuma kofia ya ubongo, zile kamba nene za pinki nimezishona zikakunjana kama ubongo kweli, siku tatu. Dada wa kazi akaipiga pasi ya mkaa. Imelala chapati. Inarudi? (Mbale)*

Uzi ulikuwa akriliki?

Kama ndiyo, basi hairudi mpenzi, pole. Akriliki ni plastiki, ikipata moto inalegea, ikipoa inaganda vile ilivyolazwa, maji wala mvuke havitairudisha. Ya sufu ungeilowesha ukaibinyabinya ikainuka. Usimkaripie dada, angejuaje, pasi imetengenezwa kunyoosha na ubongo umejaa makunyanzi. Safari nyingine ifue kwa maji ya vuguvugu, ikaushe kivulini juu ya sufuria iliyopinduliwa. Hii ya sasa usiifanye kishikio cha sufuria ya moto, itakuyeyukia mkononi, weka chini ya chungu cha maua.